Mbegu Katika Matope

Ninyi mkaao Mwanza mmeyaona magugumaji, yale yenye maua ya zambarau. Asili yake ni Amerika ya Kusini, nayo yalionekana katika Ziwa Victoria mwishoni mwa miaka ya 1980. Yaliziba njia za mitumbwi, wavuvi wakapata taabu. Watu waliyang'oa kwa mikono, tena wakaleta fukusi wayale, yakapungua sana. Je, yalikwisha? La, kwa maana mbegu zake hudumu miaka mingi katika matope, kisha huota tena.

Ndivyo ilivyo dhambi kwa Mkristo. Amesamehewa kweli, lakini mazoea ya zamani yangali moyoni. Mtoto aliyezoea uongo, hata akiisha kutubu, siku avunjapo mtungi wa mama yake, uongo humjia ulimini kabla ya kweli. Tena, akisema kweli, huenda mama asimsadiki upesi. Mtume Paulo naye, katika barua yake kwa Warumi, sura ya 7, alikiri vita hivyo ndani yake.

Basi usikate tamaa, wala usilale. Mvuvi mwenye akili hangoji ghuba ijae, hung'oa chipukizi. Nawe ungama kosa dogo leo, lingali changa.