Hofu ya Macho ya Watu Haitibiwi kwa Kusukumwa

Wahenga walisema kunguru mwoga hukimbiza ubawa wake. Methali hiyo ni ya kweli mbele ya mwewe, lakini si mbele ya darasa. Kwa kijana anayeogopa macho ya watu, kukimbia ndiko kunakoilisha hofu. Akikwepa kusimama leo, moyo hutulia mara moja. Na utulivu huo humfundisha kukwepa tena kesho.

Nasema haya nikiwafikiria wanafunzi wa Thika na Ruiru, miji yenye shule na vyuo vingi. Sizungumzii haya, ambayo ni dalili ya malezi mema. Nazungumzia hofu inayomfanya anayejua jibu ashindwe kunyoosha mkono, au aridhie kupoteza alama kuliko kuzungumza mbele ya wenzake. Baadhi ya walimu humwacha kando wakidhani ni mvivu. Wengine humwita ghafla mbele ya darasa ili eti azoee. Njia zote mbili ni mbovu.

Wataalamu wa saikolojia humkutanisha mtu na kile anachokiogopa hatua kwa hatua, kwa ridhaa yake. Mwaka 1924, Mary Cover Jones wa Marekani alieleza jinsi alivyomwondolea mtoto hofu ya sungura kwa kumsogeza mnyama huyo karibu kidogo kidogo huku mtoto akila. Mwaka 1958, Joseph Wolpe, daktari wa Afrika Kusini, alichapisha kitabu kuhusu tiba ya namna hiyo.

Ngazi hiyo yaweza kujengwa papa hapa kwetu. Kijana aanze kwa kuuliza bei ya nanasi sokoni Thika. Kisha, ndani ya matatu, amwambie makanga kwa sauti kwamba anashuka Ruiru. Halafu amsomee rafiki mmoja aya moja, baadaye wanafunzi watano, na hatimaye darasa zima. Kila hatua airudie mpaka hofu ipungue. Kabla ya kila jaribio aandike anachotarajia kitatokea, kisha alinganishe. Mara nyingi ataona kwamba aibu aliyoitarajia haikumfika.

Hofu ikimzuia kuhudhuria masomo, apelekwe kwa mshauri au hospitalini, kwani maradhi haya yanatibika.

Kiboko kilipigwa marufuku katika shule zetu mwaka 2001. Dhihaka ya darasani haina haja ya kungojea sheria. Mwalimu aweza kuikomesha leo.