Kufunika Mzigo Bila Kushuka Kitini

Anayepita mpakani Busia huwaona wafanyabiashara wenye ulemavu wakivuka na baiskeli za magurudumu matatu, wakizungusha pedeli kwa mikono huku magunia yamepangwa nyuma ya kiti. Kwa miaka mingi baiskeli hizi zimevusha nafaka na bidhaa za dukani kati ya Kenya na Uganda. Zina nafasi kubwa zaidi ya mzigo kuliko bodaboda, lakini nyingi hazina paa. Mvua ikianza, mwenye mzigo hulazimika kumwomba mpita njia, au kumlipa kijana, amtandazie turubai. Msaada ukichelewa, mzigo umelowa.

Kulowa kwa gunia si jambo dogo. Viwango vya Jumuiya ya Afrika Mashariki vinataka unyevu wa mahindi usizidi asilimia 13.5. Ukizidi hapo kuvu hustawi, na aina fulani za kuvu hutoa sumu ya aflatoksini. Machi 2021 Kenya ilisimamisha kuingiza mahindi kutoka Uganda na Tanzania kwa ajili ya sumu hiyo. Zuio lilipoondolewa siku chache baadaye, yaliwekwa masharti, mojawapo likiwa kwamba aflatoksini isizidi sehemu 10 kwa bilioni. Kwa hiyo mchuuzi anayetaka mahindi yake yakubalike sokoni lazima ayalinde na maji tangu njiani.

Tatizo liko kwenye turubai lenyewe. Turubai la kawaida hudai mtu asimame, alirushe juu ya mzigo, azunguke pande zote nne, kisha ainame kufunga kamba. Asiyeweza kusimama hukwama tangu hatua ya kwanza. Akijaribu kulirusha akiwa amekaa, anainua mikono juu ya mabega na kuvuta kwa nguvu, na hapo ndipo misuli midogo inayoshikilia bega huumia. Mtu anayeendesha baiskeli kwa mikono hutumia mabega yaleyale kusafiri, kufanya kazi na kujihamisha kitandani. Bega likiharibika, amepoteza mengi kwa mpigo mmoja.

Dawa ni kulifanya turubai liishi juu ya baiskeli, lifunguke na kufungwa kama pazia. Fundi wa kuchomelea vyuma asimamishe matao matatu ya bomba jepesi juu ya sehemu ya mzigo: moja nyuma ya kiti, moja katikati, moja mwishoni. Kila upande apitishe waya ulionyooshwa kutoka tao la kwanza hadi la mwisho. Fundi cherehani naye ashone pete kwenye kingo mbili za pembeni za turubai, pete hizo ziteleze juu ya waya. Ukingo wa mbele ufungwe moja kwa moja nyuma ya kiti, na ule wa nyuma utiwe bomba la kuunyoosha.

Kisha kila upande uwe na kamba inayotoka kwenye bomba hilo, inayozunguka kapi dogo lililofungwa kwenye tao la mwisho, na kurudi hadi kwenye kiti. Ukivuta kamba hizo mbili pamoja, turubai linakwenda nyuma na kufunika mzigo. Kamba nyingine mbili zinazotoka kwenye bomba lilelile moja kwa moja hadi kitini hulirudisha mbele. Miisho ya kamba ikae kati ya kiuno na kifua, mahali ambapo mkono una nguvu bila kulitesa bega.

Mambo manne yasisahaulike. Kwanza, tao la katikati liwe juu kidogo kuliko mengine ili maji yateremke. Lita moja ya maji ni kilo moja, na dimbwi la lita 20 juu ya turubai ni mzigo mwingine. Pili, usifunge mafundo. Mpira uliokatwa kwenye tyubu kuukuu, wenye kulabu na kitanzi kipana kinachoingia kiganja kizima, humfaa hata mwenye vidole dhaifu. Tatu, acha upenyo nyuma, kwa kuwa nafaka iliyofungiwa ndani ya nailoni bila hewa hutoa jasho na kulowa yenyewe. Nne, kamba zisifike kwenye cheni wala magurudumu, na turubai lisifunike viakisi mwanga.

Mtindo huu una faida nyingine mpakani. Katika kituo cha pamoja cha mpakani cha Busia, kilichozinduliwa rasmi Februari 2018, ofisa akitaka kuona mzigo, mwenye mzigo anavuta kamba na kuufunua, kisha anaufunika tena bila kumsumbua mtu.

Kanuni hiyohiyo inafaa kwingine. Madereva wa malori mpakani Malaba na wasaidizi wao hupanda juu ya shehena kufunga turubai, na kuanguka kutoka kimo kile kunaweza kuvunja mgongo. Turubai la kuvutwa kutoka chini lingewaepusha. Wavuvi wa Sio Port na Port Victoria waliochoka viuno wanaweza kukaza kamba moja kutoka omo hadi tezi ya mashua, na turubai lenye pete likateleza juu yake, bila wao kuruka kutoka upande mmoja hadi mwingine.

Katiba ya Kenya ya 2010, Kifungu cha 54, inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kupata nyenzo na vifaa vya kumwezesha kukabili vikwazo vinavyotokana na ulemavu wake. Paa la kuvutwa ni kifaa cha namna hiyo. Mafundi wa jua kali wa Busia wana ujuzi wa kulitengeneza. Ninawaomba wakae na waendesha baiskeli hawa, wapime urefu wa mikono yao kabla ya kukata bomba, na serikali ya kaunti igharimie majaribio ya kwanza. Mfanyabiashara anayeweza kuvuka mpaka kwa nguvu za mikono yake asishindwe kwa kukosa matao matatu na kamba nne.