Kutambua Kirai Kitenzi cha Kiingereza: Mfano wa Wanafunzi wa Tumati

Mtoto wa Tumati, wilayani Mbulu, aghalabu hukutana na lugha tatu katika masomo yake: Kiiraqw nyumbani, Kiswahili katika shule ya msingi, na Kiingereza, ambacho ndicho lugha ya kufundishia katika shule ya sekondari. Lugha hizi ni za asili mbalimbali: ya kwanza ni ya Kikushi, ya pili ya Kibantu, ya tatu ya Kijerumaniki. Basi aambiwapo atafute kirai kitenzi katika sentensi ya Kiingereza, huenda akakipima kwa kipimo cha lugha nyingine.

Yafaa kwanza kuondoa utata wa jina. Baadhi ya vitabu vya Kiingereza huita kirai kitenzi kile kitenzi na visaidizi vyake tu; vingine huingiza pia yambwa na vielezi. Hapa tunaifuata maana hii ya pili, ambayo ndiyo izoeleweyo katika sarufi ya Kiswahili shuleni.

Kiswahili hukusanya mengi katika neno moja. "Hatutawaona" lina ukanushi, nafsi, wakati, yambwa na mzizi, Kiingereza hutawanya hayo yote: "We shall not see them." Tena, katika "walikuwa wanacheza" kila neno hubeba nafsi, hali Kiingereza huionyesha katika kitenzi cha kwanza peke yake. Mwanafunzi aandikapo "she does not goes", si uzembe: ameonyesha nafsi mara mbili.

Kiiraqw nacho kina neno dogo litangulialo kitenzi, ambalo Maarten Mous, katika sarufi yake ya mwaka 1993, analiita kiteuzi. Neno hilo huonyesha nafsi, na kitenzi chenyewe pia huonyesha nafsi. Na yambwa yaweza kukaa katikati ya hayo mawili. Kwa hiyo Mwiraqw amekwisha kuzoea kirai ambacho nguzo zake mbili zimeachana. Katika swali la Kiingereza nguzo huachana pia, ila kinachoingia kati ni kiima: "Will the women bring the firewood?"

Sasa tutazame sentensi hii: "The farmer whose cows have been grazing in the valley will not sell the milk." Mwanafunzi akamataye kitenzi cha kwanza akionacho atajibu "have been grazing", naye atakosa. Majaribio mawili yatamwongoza.

La kwanza, ageuze sentensi iwe swali. Kisaidizi kinachohamia mwanzoni ni "will". "Have" hubaki mahali pake, kwa kuwa ni cha kishazi kilichomo ndani ya kiima.

La pili, aweke kiwakilishi badala ya kiima: "He will not sell the milk." Maneno yote kuanzia "the farmer" hadi "valley" yamemezwa na "he". Yaliyobaki ndiyo kirai kitenzi.

Majaribio haya hayategemei maana ya maneno wala tafsiri, bali mpango wa sentensi. Mwalimu aanzaye na kiteuzi cha Kiiraqw, kisha viambishi vya Kiswahili, ndipo afikie kisaidizi cha Kiingereza, atakuwa anajenga juu ya ujuzi ambao mtoto amekuja nao kutoka nyumbani.