Kususia Mikutano ya Nairobi na Riziki ya Eastlands

Tangu jumba la mikutano la KICC lilipokamilika mwaka 1973 na, mwezi Septemba wa mwaka huohuo, Nairobi ikapokea mkutano wa Benki ya Dunia na Shirika la Fedha la Kimataifa, biashara ya mikutano imekuwa miongoni mwa nguzo za uchumi wa jiji hili. Na ijapokuwa wageni hulala Westlands na Upper Hill, wengi wa wanaowapikia, wanaowatandikia vitanda na wanaowaendesha hurejea jioni katika mitaa ya Eastlands: Umoja, Kayole, Dandora na Pipeline.

Atazamaye biashara hii kutoka upande wa mashariki huiona kwa uwazi zaidi. Nyama hutafutwa soko la Burma, viondo na ndara za ngozi Kariokor, sufuria kubwa za wapishi kwa mafundi wa jua kali wa Kamukunji. Na hotelini kwenyewe, shughuli inapozidi, huitwa vibarua ambao ujira wao huanza na kwisha pamoja na mkutano. Kwa hiyo mkutano unapoondolewa, mwenye hoteli hupoteza faida ya msimu ilhali jengo lake lingali limesimama, lakini kibarua hupoteza kodi ya nyumba.

Hadhari ya kumkumbuka kibarua huyo ndiyo inayofaa kutangulizwa pindi jumuiya za wataalamu zinapojadili kuisusia nchi kwa sababu ya haki za binadamu, kama walivyofanya wakutubi wa shirikisho la IFLA walioupinga mkutano wa mwaka 2024 uliokusudiwa Dubai hata mpango ukavunjika. Shirikisho hilohilo lilikutana Nairobi mwezi Agosti 1984, miezi sita tu baada ya vikosi vya serikali kuwaua raia huko Wagalla, Wajir.

Wala hakuna haja ya kusingizia kwamba Kenya ya leo haina la kujibu. Tarehe 25 Juni 2024 vijana waandamanaji walipigwa risasi mbele ya Bunge. Mwezi Novemba mwaka huo mwanasiasa wa upinzani wa Uganda, Kizza Besigye, alitekwa Nairobi na kuibukia mbele ya mahakama ya kijeshi Kampala. Na huko Kiamaiko, Machi 2020, mtoto wa miaka 13 aliuawa kwa risasi ya polisi akiwa kwenye roshani ya nyumba yao, wakati wa kafyu.

Kususia si desturi ya kigeni kwetu. Tarehe 26 Juni 1959 Julius Nyerere alihutubia London katika mkutano ulioanzisha harakati ya kususia bidhaa za Afrika Kusini. Mwaka 1976, kwa ajili ya kadhia hiyohiyo ya Afrika Kusini, Kenya ilijitoa katika Olimpiki ya Montreal. Na mwaka 1986 mkutano wa wanaakiolojia mjini Southampton uliwafungia mlango wataalamu waliotoka Afrika Kusini. Lakini katika kadhia ya Afrika Kusini, viongozi wa waliodhulumiwa wenyewe, akiwamo Albert Luthuli, ndio walioomba wasusiwe watawala wao, hali wakijua kwamba nao wataumia.

Huo ndio mzani wa insafu. Aliyefiwa Kiamaiko na kibarua anayengoja kuitwa hotelini ni majirani, na aghalabu ni mtu mmoja. Basi haimpasi mtaalamu wa ng'ambo kuamua kwa niaba yao bila ya kuwauliza. Wakiomba mikutano isusiwe, na waheshimiwe. Wasipoomba, wageni waje, lakini waje na masharti: kila mjumbe aingie bila kubughudhiwa, mikataba ya hoteli itaje ujira wa vibarua, na sehemu ya vikao ifanyike katika maktaba za Kaloleni na Makadara, mbele ya watu kama wale wa Kituo cha Haki cha Mathare, ambao ushahidi wao haufiki kwenye ofisi za Umoja wa Mataifa huko Gigiri.

Na ikitokea siku moja kumbi zikabaki tupu, lawama isitupwe kwa waliokataa kuja. Mwenye kuharibu soko ni yule anayempiga raia risasi. Na Serikali ikitaka riziki ya Eastlands idumu, ianze kwa kuzilinda roho za watu wa Eastlands.