Kipya Kinyemi: Namna ya Kuipima Pikapu Mpya kwa Safari za Kasulu na Kibondo

Wahenga walisema, "Kipya kinyemi, ingawa ni kidonda." Maana yake ni kwamba mwanadamu hupendezwa na kitu kipya hata kama mwisho wake kitamwumiza. Methali hii yafaa ikumbukwe na kila mtu, na kila chama cha ushirika, kinachokusudia kununua gari la kazi. Bei ya gari ni mavuno ya miaka mingi, tena mara nyingi ni mavuno ya watu wengi. Likinunuliwa vibaya, hasara haimpati mwenye ufunguo peke yake. Humpata na mkulima ambaye maharage yake yanaoza njiani, na mama mzazi anayengoja kupelekwa hospitali usiku.

Katika mazungumzo haya twataka kueleza jinsi ya kuipima pikapu iliyoundwa upya, kwa safari ndefu za nyanda za juu za Kigoma. Twasema hasa na wenzetu wa Kasulu, Kibondo na Kakonko, nchi ya vilima na udongo mwekundu. Huko mvua huanza kama mwezi wa Oktoba au Novemba na kuendelea hadi Aprili au Mei, na udongo ukilowa huteleza kama sabuni. Wenyeji wameyaona magari mengi yakijaribiwa. Mwezi wa Oktoba mwaka 2015, kambi ya Nduta ilipofunguliwa tena kuwapokea wakimbizi wa Burundi, malori na pikapu zilikwenda na kurudi zikibeba watu, maji, dawa na vyakula. Aliyesimama kando ya njia siku zile aliweza kujifunza mengi kuhusu magari.

Na tuanze kwa kueleza maana ya kuunda gari upya. Kiwanda kikiona kwamba gari lake limezeeka, au kwamba sheria za moshi zimekuwa kali, hubadili injini, springi, taa na vyombo vya ndani, huku jina likibaki lile lile. Basi mnunuzi asidanganyike kwa jina. Yampasa aulize: kilichobadilika ni nini, na kilichobaki ni nini?

Tutatoa mifano miwili. Wa kwanza ni Toyota Tundra, pikapu kubwa ya Marekani. Iliundwa upya kwa mwaka 2022. Injini ya silinda 8 ya lita 5.7 iliondolewa, ikawekwa ya silinda 6 yenye tabo mbili. Springi za nyuma za mabamba nazo ziliondolewa, zikawekwa koili. Gari likawa laini zaidi kwa abiria na lenye nguvu zaidi ya kuvuta.

Mfano wa pili wajulikana sana kwetu: ni Toyota Land Cruiser ya jamii ya 70, iliyoanza kuuzwa mwaka 1984. Pikapu yake iitwayo 79 ilianza mwaka 1999. Mwaka 2023 ilitangazwa ikiwa na sura mpya, na taa za mviringo kama za zamani. Zaidi ya sura, iliwekewa injini ya dizeli ya silinda 4, lita 2.8, yenye tabo, na gia 6 zinazojibadilisha zenyewe. Lakini injini ya kale, ile ya silinda 6 ya lita 4.2 isiyo na tabo, ambayo mafundi huiita 1HZ, haikuachwa. Iliendelea kutolewa kwa masoko ya Afrika. Kwa hiyo magari mawili yaweza kusimama dukani yakiwa na uso mmoja, na kumbe mioyo yao ni mbalimbali.

Ukizitazama tarakimu peke yake, injini mpya yashinda mbali. Ina kilowati 150, na ya kale ina 96. Nguvu yake ya kuzungusha ni nyutoni-mita 500, na ya kale ni 285. Tena hunywa mafuta kidogo zaidi kwa kazi ile ile. Hayo si maneno ya matangazo tu. Ni faida za kweli, na dereva anayepanda mlima na mzigo ataziona. Lakini tarakimu hizo hazisemi gari litakuwaje siku litakaposimama porini. Kwa sababu hiyo twawapa wasomaji wetu maswali manne ya kuuliza.

Swali la kwanza ni la mzigo. Watu wengi hudhani kwamba gari kubwa hubeba zaidi. Sivyo. Tundra ni ndefu karibu mita 6 na upana wake wapita mita 2, lakini upeo wa mzigo wake, kwa hesabu ya kiwanda, ni kama kilo 880 tu. Land Cruiser 79 ya kebini moja ni fupi na nyembamba kuliko hiyo, nayo huweza kubeba tani moja na zaidi. Tena mzigo huhesabiwa pamoja na watu na vyombo vyote vilivyoongezwa. Na tufanye mfano wa gari linaloruhusiwa kubeba kilo 1,000. Mafuta lita 130 yana uzito wa kilo 109 hivi. Madumu manne ya maji, lita 20 kila moja, ni kilo 80. Magurudumu mawili ya akiba ni kilo 70. Watu watano ni kilo 350. Jeki, sepetu, kamba na vyombo vya ufundi ni kilo 50. Bampa la chuma, keria na winchi ni kilo 120. Jumla yake ni kilo 779. Zilizobaki ni 221, yaani magunia mawili tu ya kilo mia mia! Mwenye kupakia magunia kumi juu ya hayo asishangae springi zikivunjika au breki zikikataa kwenye mteremko. Basi kila pambo la chuma linaloongezwa kwenye gari ni gunia linaloachwa nyumbani.

Swali la pili ni la mafuta. Injini mpya za dizeli hunyunyiza mafuta kwa kanieneo kubwa mno, zaidi ya mara 1,500 ya kanieneo ya hewa tunayoivuta. Ili kufanya hivyo, matundu ya nozeli zake ni membamba sana, na vyuma vya pampu vimesuguliwa kwa usahihi mkubwa. Tone la maji au chembe ya mchanga yaweza kuviharibu. Dizeli yenyewe imekuwa bora, kwa maana nchi za Afrika ya Mashariki zilikubaliana kupunguza salfa yake tangu mwaka 2015. Lakini salfa ni jambo moja, na maji ni jambo jingine. Mafuta yaliyotoka bohari yakiwa safi yaweza kuchafuka ndani ya pipa lililokaa mvuani, au katika dumu lililokuwa na mawese. Injini ya kale nayo haipendi uchafu, lakini huuvumilia zaidi. Na tufanye hesabu nyingine. Gari likienda kilometa 20,000 kwa mwaka, na injini mpya ikiokoa lita 2 katika kila kilometa 100, faida ni lita 400. Si haba. Lakini seti moja ya nozeli iliyoharibiwa na maji yaweza kuimeza faida hiyo yote kwa siku moja. Kwa hiyo anunuaye injini mpya hapana budi anunue na desturi mpya: kujaza kwenye kituo kinachoaminika, kumwaga maji ya filta kwa wakati wake, na kubeba filta ya akiba katika kila safari.

Swali la tatu ni la fundi. Injini ya 1HZ huendeshwa kwa pampu ya vyuma. Fundi wa Kasulu mwenye spana, macho na masikio mazuri huweza kuitambua mara nyingi. Injini mpya huendeshwa kwa kompyuta, inayopokea habari kutoka kwa vidude vya kupima joto na kanieneo, ambavyo mafundi huviita sensa. Sensa moja ikiharibika, kompyuta hupunguza nguvu za gari ili kuilinda injini, na fundi asiye na mashine ya kuisoma hubaki akikisia. Liko na jambo la betri. Gari la gia za mkono likikosa betri, vijana wa kijiji hulisukuma, nalo huwaka. Lenye gia za kujibadilisha halisukumwi likawaka. Tusiyasahau na matairi. Pikapu nyingi za kazi hutumia ringi za inchi 16, ambazo matairi yake hupatikana kwa urahisi. Tundra hutumia ringi za inchi 18, 20 au zaidi. Mtu apate pancha mbili Makere au Kifura, kisha aulize dukani tairi la inchi 20!

Hapa yafaa kusema neno juu ya miaka ya kwanza ya kila umbo jipya. Mwaka 2024 Toyota iliyaita magari kama 100,000 ya Tundra na Lexus yaliyouzwa Marekani, kwa sababu mabaki ya chuma ya wakati wa kutengeneza injini hizo mpya yaliweza kubaki ndani na kuziharibu. Kiwanda hicho kina sifa njema duniani, na hata hivyo jambo hilo lilitokea. Mwenye gari wa Texas huweza kulirudisha gari kwa mwuzaji aliye karibu. Je, wa Kibondo atalipeleka wapi? Kwa hiyo ni busara kungoja miaka miwili au mitatu, wengine walijaribu kwanza.

Swali la nne ni la njia, nalo ndilo linaloyaamua matatu yaliyotangulia. Njia kuu itokayo Kigoma kupitia Kasulu na Kibondo hadi Nyakanazi imekuwa ikijengwa kwa lami sehemu kwa sehemu. Mwaka 2018 Benki ya Maendeleo ya Afrika iliidhinisha fedha za sehemu ya Kabingo, Kasulu na Manyovu, yenye urefu wa kilometa 260. Lami hubadili hesabu. Anayesafiri katika njia kuu, akilala mjini na kujaza mafuta kwenye vituo vizuri, ataifurahia injini mpya: itampunguzia gharama na uchovu, na msaada hauko mbali. Lakini safari ya mkulima haianzi kwenye lami. Huanza shambani, katika njia nyembamba ya udongo, penye daraja la magogo na bonde la tope. Huko gari lenye upana wa zaidi ya mita 2 husugua miti pande zote, na usukani wa kushoto, ulivyo wa magari yanayouzwa Marekani, humfanya dereva asiione vema njia anapotaka kulipita lori katika nchi yetu inayoendesha upande wa kushoto.

Basi shauri letu ni hili. Pikapu kubwa ya Marekani, ingawa ni nzuri kwao, haikuundwa kwa nchi hii, tusiitamani. Katika zile mbili za Land Cruiser, chama ambacho kazi yake ni ya njia kuu, chenye fedha za matengenezo na mahali pa kupimia kompyuta, kichukue injini mpya bila hofu. Chama ambacho gari lake litalala kijijini, likinywa mafuta ya pipa na kutazamwa na fundi mmoja tu, kichukue ile ya kale, nacho kikubali kulipa mafuta zaidi kama bei ya utulivu. Wala asiwepo wa kumcheka. "Usiache mbachao kwa msala upitao."

Kabla ya kutia sahihi, wanachama na wakae pamoja, waandike katika karatasi moja: gari litabeba nini, litakunywa mafuta ya wapi, litatengenezwa na nani, na litapita njia gani mwezi wa Machi. Wakisha kuandika hayo, waende dukani na karatasi hiyo, waisome mbele ya mwuzaji, na wasikubali jibu lolote lisiloandikwa.