Marekani: nyoka anayefugwa ndani ya nyumba, na namna wanavyomzalisha

Kwetu nyoka akionekana ndani ya nyumba, majirani wanakuja na fimbo. Hakuna anayeuliza ni wa aina gani. Kule Marekani kuna mmoja ambaye watu wanamnunua kwa pesa na kumwekea joto wakati wa baridi. Wanamuita nyoka wa mahindi, kwa sababu hupenda maghala ya mahindi, mahali panya wako wengi.

Asili yake ni majimbo ya kusini-mashariki, kama Florida. Hana sumu: panya anamzungushia mwili na kumkaza mpaka afe. Mtu wa huku asijaribu hiyo na nyoka wa shambani. Swila na kifutu wana sumu kali, na serumu si rahisi kuipata vijijini.

Kumfuga si kazi kubwa. Sanduku lifungwe vizuri sana (huyu anajua kutoroka!), maji yawepo, upande mmoja uwe na joto. Mkubwa anakula panya mmoja kila wiki moja ama mbili. Wengi wanamupa panya aliyekwisha kufa, wa kutoka frigo, maana panya mzima anaweza kumuuma.

Kuzalisha ndiko kunataka akili. Wafugaji wengi wanapunguza joto miezi 2 ama 3 bila kumlisha, ni kama kumdanganya kwamba baridi imefika. Joto likirudi, dume na jike wanakutanishwa. Jike anataga mayai 10 mpaka 30 hivi. Yanawekwa penye unyevu, digrii 28 hivi, na hayageuzwi kama ya kuku: ukiyageuza, mtoto anaweza kufia ndani. Karibu siku 60 yanapasuka. Jike mdogo ama mwembamba haachwe apandwe, mayai yanaweza kumkwama na kumuua.

Pesa iko kwenye rangi. Mu 1953, North Carolina, alikamatwa dume asiye na weusi wowote, na uzao wake ukaanzisha biashara hii. Rangi hiyo hujificha: ukimpandisha na jike wa kawaida, watoto wote ni wa kawaida. Wakipandana wao kwa wao, ndipo inarudi, kama mmoja kwa wanne. Ni hapo ubaya unapoingia, maana ndugu wanapandishwa na ndugu, na magonjwa ya kurithi nayo yanapata njia.

Nchini Australia kumfuga ni kosa. Akitoroka na kuzaana porini, ndege na wanyama wadogo wa huko ndio watakuwa chakula chake.