Kuorodhesha barua na karatasi za wataalamu: jina la nani liandikwe?

Mtaalamu wa lugha anapofariki, vitabu alivyochapisha hubaki katika maktaba. Barua zake, daftari zake za utafiti, rasimu zake na orodha za maneno alizoandika mbele ya wasimulizi hubaki nyumbani, ndani ya masanduku, zikingojea mvua na mchwa. Hata zikifika chuoni, karatasi zisizo na orodha ni kama hazipo, kwani mtafiti hawezi kuomba asichojua kwamba kipo. Makala haya yanakusudia kueleza jinsi karatasi za namna hiyo zinavyoorodheshwa, na kuonyesha kwamba orodha yenyewe inaweza kuhifadhi kazi ya mtu au kuifuta.

1. Asili na mpangilio

Karatasi za mtaalamu hazipangwi kama vitabu. Maktaba hupanga vitabu kwa mada. Hifadhi ya nyaraka huweka pamoja karatasi zote zilizotoka kwa mtu mmoja, wala haizichanganyi na za mwingine. Kanuni hiyo ilielekezwa kwa hifadhi za wilaya za Ufaransa mwaka 1841. Mwaka 1898 Waholanzi watatu, Muller, Feith na Fruin, waliifafanua katika kitabu chao cha mwongozo, pamoja na kanuni ya pili: mpangilio wa awali uheshimiwe. Sababu yake ni wazi. Barua iliyowekwa kati ya kurasa za daftari la methali huenda ndiyo inayoonyesha methali hizo zilitoka kwa nani. Ikihamishiwa kwenye fungu la barua bila kuandikwa ilikotolewa, ushahidi huo umepotea. Kwa hiyo kazi ya kwanza si kupanga, bali ni kuandika jinsi karatasi zilivyokutwa.

2. Ngazi za maelezo

Mwaka 1994 Baraza la Kimataifa la Nyaraka lilitoa kanuni za maelezo zijulikanazo kwa jina la ISAD(G). Toleo la pili lilichapishwa mwaka 2000. Kwa kanuni hizo maelezo hutoka kwenye jumla kwenda kwenye sehemu: kwanza mkusanyo mzima, kisha mfululizo (kwa mfano barua, au daftari za utafiti), kisha jalada, mwisho waraka mmoja mmoja. Lililokwisha kusemwa katika ngazi ya juu halirudiwi chini. Utaratibu huu unazifaa hasa taasisi zenye watumishi wachache, kwa sababu ukurasa mmoja unaoeleza mkusanyo mzima tayari unamfungulia mtafiti mlango.

Penye nafasi ya kueleza kila barua, huandikwa tarehe, mahali, mwandishi, mwandikiwa, lugha, aina ya hati, idadi ya kurasa na mada kwa ufupi. Tarehe iliyokisiwa hutiwa katika mabano ya mraba. Tarehe ya Hijria huandikwa kama ilivyo, na ile ya Kizungu ikafuata. Ikumbukwe pia kwamba kwa kawaida barua hukaa kwa aliyeipokea. Karatasi za mtu mmoja huonyesha zaidi alichoandikiwa; majibu yake hayana budi kutafutwa kwa wenziwe, isipokuwa kama aliweka nakala.

3. Watu wanne katika karatasi moja

Mfano unaofundisha sana ni karatasi za William Ernest Taylor (1856-1927), mmisionari Mwingereza aliyeishi Mombasa, ambazo zimehifadhiwa katika maktaba ya SOAS, London. Humo zimo tungo za Muyaka bin Haji, mshairi wa Mombasa aliyefariki karibu na mwaka 1840. Taylor hakuzipata peke yake. Mwalimu Sikujua bin Abdallah, mwanachuoni wa Mombasa, ndiye aliyemsaidia kuzikusanya na kuzieleza. Mwaka 1940 William Hichens alichapisha diwani ya Muyaka kutokana na karatasi hizo, na mwaka 1979 Mohamed Abdulaziz alitoa kitabu chake juu ya mshairi huyohuyo.

Kwa kanuni ya asili, mkusanyo huo ni wa Taylor, na ni sawa uitwe hivyo. Lakini orodha ikikomea hapo, anayemtafuta Sikujua hatampata. Basi maelezo hayana budi kutenganisha kazi: mtunzi ni Muyaka; mwalimu aliyekusanya na kufafanua ni Sikujua; mwenye mkusanyo ni Taylor; mhariri wa baadaye ni Hichens. Kila jina liingizwe katika faharasa. Kanuni ya asili haivunjwi: inaamua karatasi zikae wapi, wala haikatazi kutaja waliozifanya.

4. Upande wa Lubumbashi

Jambo hilo linaihusu pia Kongo. Mwaka 1965 André Yav aliandika historia ya mji wa Elisabethville kwa Kiswahili cha mji huo, kwa ajili ya watumishi wa nyumbani wa zamani. Johannes Fabian aliichapisha mwaka 1990 pamoja na Kalundi Mango, ikiwa na maelezo ya kiisimu ya Walter Schicho. Maandishi hayo hayafuati tahajia sanifu wala utenganishaji wa maneno uliozoeleka. Mworodheshaji akikutana na karatasi ya namna hiyo ndani ya jalada la mwalimu fulani, asiisahihishe, wala asiiandike «karatasi ya Kiswahili kibovu, haina mwandishi». Anwani inakiliwe herufi kwa herufi, jina la mwandishi litafutwe, na lahaja itajwe.

5. Siri za watu

Barua za binafsi hutaja maradhi, madeni na ugomvi wa watu walio hai. Inafaa kupatana na warithi kwa maandishi: majalada gani yafunguliwe sasa, yapi yafungwe na kwa miaka mingapi. Jalada lililofungwa litajwe vilevile katika orodha, ili kuwapo kwake kujulikane.

Orodha iliyo bora zaidi ni ile inayoanzwa mwenyewe angali hai. Mwalimu anayestaafu anaweza, kwa siku chache, kuandika juu ya kila bahasha tarehe, mahali na majina ya wasimulizi wake. Akishaondoka, hakuna mworodheshaji, hata awe hodari namna gani, atakayeweza kuyakisia majina hayo.